Kwenda ufuoni Gisenyi, Ziwa Kivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila likizo ya Agosti ikikaribia, simu yangu hujaa maswali kutoka kwa ndugu na marafiki wa Nairobi, Bujumbura, Dar es Salaam na Mombasa. Maswali ni yale yale: kuna mamba, kiingilio ni pesa ngapi, ni kweli ziwa litalipuka? Naishi Gisenyi, dakika 10 kwa miguu kutoka majini, nami naupenda ufuo huu kama mtu anavyopenda uwanja wa nyumba aliyokulia. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja.

Gisenyi ni wapi, na mbona wengine wanasema Rubavu?

Gisenyi ni mji, Rubavu ni wilaya yake. Majina ya wilaya yalipopangwa upya mwaka 2006, Rubavu likapewa wilaya nzima, kwa hiyo kwenye vibao na karatasi za serikali utasoma Rubavu, lakini midomoni mwa watu bado ni Gisenyi. Rubavu ni jina pia la mlima unaousimamia mji kwa nyuma. Tuko pembe ya kaskazini-magharibi ya Rwanda, kwenye kichwa cha Ziwa Kivu, tumepakana ukuta kwa ukuta na Goma ya Kongo. Ukiwa ufuoni, ukitazama mkono wa kulia, nyumba unazoziona pale kwenye maji ni Goma tayari.

Nafikaje kutoka Kigali?

Panda basi kituo cha Nyabugogo. Barabara ni lami tupu kupitia Musanze, kilomita zipatazo 155, saa tatu na nusu hadi nne kwa sababu ya kona. Kama una kichefuchefu cha safari, kaa mbele. Ukifika stendi chukua moto, yaani bodaboda. Dereva atakupa kofia ngumu, ivae. Magari yanapita kulia, kwa hiyo ndugu wa Kenya, Uganda na Tanzania, tazameni upande sahihi kabla ya kuvuka.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi wa taifa. Asubuhi hiyo usafiri husimama na maduka hufungwa hadi saa tano hivi. Usipange kusafiri wakati huo.

Kiingilio cha ufuo ni kiasi gani?

Hakuna. Ufuo wa umma ni bure na ni wa kila mtu. Nasisitiza hili kwa sababu wageni wengi huishia kwenye bustani za hoteli wakidhani ndiyo njia pekee ya kuyafikia maji. Hoteli zina sehemu zao, ni nzuri, utalipia soda yako na kiti chako. Lakini fuata barabara ya kando ya ziwa, ile yenye miti mikubwa ya zamani, mpaka uone mchanga ulio wazi na vijana wanacheza mpira. Umefika.

Mchanga wetu si mweupe kama wa Diani au Nungwi. Ni wa kahawia, na kuna mahali unachanganyika na chembe nyeusi za mawe ya volkano. Jumamosi mchana utakuta maharusi wanapigwa picha, bibi harusi ameshika viatu mkononi, na wapambe wanahangaika shela isiguse maji. Jumapili baada ya misa na ibada, mji mzima uko pale. Ukitaka utulivu njoo siku ya kazi saa kumi na mbili asubuhi, wakati ukungu bado umelala juu ya maji na hujui ziwa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Ni ziwa la milimani. Maji si ya barafu?

La. Uso wa ziwa uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini tuko karibu na ikweta, na maji ya juu huwa kama nyuzi joto 23 au 24 mwaka mzima. Ukiingia unashtuka kidogo, kisha mwili unazoea. Baridi iko nje ya maji: jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, upepo unageuka na wale waliokuja na fulana tu wanaanza kujikunyata. Beba sweta. Miezi mikavu ni Juni hadi Agosti, na kidogo Januari na Februari. Machi hadi Mei mvua inanyesha kweli kweli, na mvua ya milima hii si ya kuchezea. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya magharibi na kaskazini, na hapa Rubavu mto Sebeya ulifagia nyumba. Mvua kubwa ikinyesha, acha safari za mabondeni.

Kuna mamba? Kuna viboko?

Hakuna mamba, hakuna viboko. Unaweza kuingia na moyo mweupe.

Hatari ya Kivu ni kina. Ziwa hili ni bonde lililopasuka katikati ya milima, na milima haiishii kwenye maji, inaendelea kushuka chini yake. Sehemu yenye kina zaidi inapita mita 480. Mtoto anatembea maji yakiwa kiunoni, anapiga hatua mbili, hana tena pa kukanyaga. Nimewahi kumwona baba mmoja, mtu wa mjini, kajaa furaha, anamwita mwanawe aje mbele zaidi. Sekunde chache baadaye vijana wawili walikuwa wanamvuta huyo baba kwa mikono, na mtoto amesimama salama nyuma anatazama. Asante Mungu wale vijana walikuwapo. Kama hujui kuogelea, baki pale mguu unapogusa mchanga, vaa jaketi la kuokolea maisha ukipanda mtumbwi, na watoto wawe mbali nawe kwa urefu wa mkono, si zaidi. Usiingie ukiwa umelewa. Alasiri upepo ukiamka, mawimbi huwa makali kuliko unavyotarajia ziwani.

Kuhusu kichocho: konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Ogelea mahali pa wazi penye mchanga, usiingie kwenye vijito na matete. Malaria ipo, lala ndani ya chandarua.

Nimesikia chini ya ziwa kuna gesi na siku moja litalipuka. Ni kweli?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linafanya uliheshimu ziwa.

Ni kweli kuna gesi. Katika maji ya chini, kuanzia kama mita 250 kwenda chini, kumeyeyuka gesi ya kaboni dioksidi inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 300, na methani kama kilomita za ujazo 60. Kaboni dioksidi inatoka ardhini, kwenye joto lile lile la volkano. Methani inatengenezwa na vijidudu wanaoishi huko kusiko na hewa. Fikiria chupa ya soda iliyofungwa: gesi imo, lakini huioni mpaka ufungue kizibo. Kizibo cha Kivu ni uzito wa maji yenyewe. Tena maji ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito kuliko ya juu, kwa hiyo hayapandi kuchanganyika. Samaki wanaishi katika mita 60 hivi za juu tu, kwani chini ya hapo hakuna oksijeni.

Hofu ina sababu. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos la Cameroon lilitoa gesi yake usiku, ikateremka mabondeni, na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Kivu ni kubwa mara nyingi kuliko Nyos na kandokando yake wanaishi mamilioni. Lakini vipimo vinaonyesha kwamba gesi ya Kivu bado haijafikia kiwango cha kutoka yenyewe. Mwaka 2002 lava, yaani mawe yaliyoyeyuka, ya volkano ya Nyiragongo iliingia ziwani pale Goma, wataalamu wakapima, wakakuta matabaka ya chini hayajatikiswa. Rwanda ina wataalamu wanaolipima ziwa hili mara kwa mara.

Na gesi hiyo inatumika. Kuanzia miaka ya 1960 methani iliyovutwa pale Rubona, kusini kidogo mwa mji, iliwasha matanuri ya kiwanda cha bia cha mji huu, kilichoanzishwa 1957. Leo mtambo wa KivuWatt, upande wa wilaya ya Karongi, unatoa megawati 26 za umeme. Ulizinduliwa rasmi mwaka 2016. Bomba linashushwa kilindini, maji yanapanda, yakipanda mgandamizo unapungua, gesi inatoka kwa mapovu, inasafishwa, inachomwa kuzungusha mashine. Maji yaliyobaki yanarudishwa chini. Kila unit ya umeme inayotoka huko ni gesi kidogo imepungua ziwani.

Kwa hiyo wewe unayeogelea juu hauko ndani ya soda. Uko juu ya kizibo.

Mazuku ni nini?

Ni neno la Kiswahili cha huku, sasa wanajiolojia duniani kote wanalitumia. Mazuku ni mashimo na mabonde madogo ambamo kaboni dioksidi inayotoka ardhini hujikusanya, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Huioni, huinusi. Mbuzi akiingia anaanguka, na mchungaji akiinama kumtoa naye anaanguka. Mengi yako upande wa Goma, kwenye mawe ya lava karibu na ziwa, na yameua watu. Ufuo wa umma wa Gisenyi uko wazi na upepo unapita, hapana shida. Ukienda kutembea kwenye uwanda wa lava, usishuke shimoni, hasa alfajiri ambapo hakuna upepo, na wenyeji wakikwambia usipite hapo, usipite.

Ule mlima unaotoa moshi ni upi?

Nyiragongo, mita 3,470, uko Kongo. Wazee wa Kinyarwanda walisimulia kuwa wafu waliomfuata Ryangombe, shujaa wa imani ya jadi, walipumzika kwenye milima yenye baridi na theluji, na wasiomfuata roho zao ziliungua Nyiragongo. Ukiuona usiku mawingu yakiwa mekundu juu ya kilele, utaelewa masimulizi hayo yalizaliwaje.

Ulilipuka Januari 1977, Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila makazi. Mwaka 2021 ilisimama ukingoni mwa jiji, lakini matetemeko yaliyofuata yalitupiga na sisi. Kwa siku kadhaa tulilala nje, tukisikia vyombo vikigongana kabatini peke yake. Nyumba nyingi za Gisenyi zilipasuka kuta, na barabara zilifunguka nyufa ambazo ungeweza kutia mkono. Ukisikia tetemeko, toka nje, kaa mbali na kuta, fuata redio.

Nani alikuwa hapa zamani?

Nchi hii ya kaskazini iliitwa Bugoyi, na wenyeji wake Abagoyi. Kabla ya mzungu yeyote, ziwa lilikuwa soko. Mitumbwi ilivuka ikileta ubutega, bangili nyembamba zilizosukwa kwa nyuzi za mimea ya misitu ya ng'ambo. Wanawake walizivaa miguuni kwa makumi, nazo zilitumika kama pesa: uliweza kuzitoa ukapata chakula au mifugo. Katikati ya ziwa kuna kisiwa kikubwa cha Idjwi, nchi ya Wahavu, chenye wafalme wake. Mwami (mfalme) Kigeli Rwabugiri wa Rwanda alikipiga vita kwa mitumbwi, na alifariki mwaka 1895 akiwa katika vita vya upande huo wa ziwa.

Mwaka 1894 akapita Mjerumani Gustav Adolf von Götzen. Watu wa pwani, hapa mna sehemu yenu: alianza safari Pangani, Desemba 1893, na mamia ya wapagazi na askari, na ni mabega ya watu hao yaliyomfikisha kwa Rwabugiri, kisha Nyiragongo, kisha kwenye ufuo wa Kivu. Vitabu vimeandika jina lake peke yake. Baadaye, 1901 hadi 1906, alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndiye aliyekuwa madarakani vita vya Maji Maji vilipoanza. Meli iliyopewa jina lake ingali Ziwa Tanganyika mpaka leo. Mnaijua kama MV Liemba.

Wajerumani wakaweka kambi ya kijeshi hapa, wakaiita Kissenji. Wabelgiji wakakaa Goma. Waligombania mpaka kwa miaka, mwishowe mwaka 1910 wakakubaliana: Idjwi na Goma kwa Wabelgiji, Gisenyi kwa Wajerumani. Hakuna mvuvi aliyeulizwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuanza, Septemba 1914, Wajerumani wakiongozwa na Max Wintgens waliiteka Idjwi, na mapigano kwenye mpaka huu yakaendelea hadi 1916 Wabelgiji walipowasukuma nje. Ukiona watoto leo wanaogelea mita chache kutoka mpakani bila kujali, kumbuka mstari huo ulichorwa Ulaya.

Kiswahili changu kitanifaa?

Kitakufaa sana. Kilikuja na wafanyabiashara na askari, kikabaki sokoni. Wanawake wanaovuka kila siku kuuza nyanya, maziwa na vitenge Goma wanakizungumza, wavuvi wanakizungumza, madereva pia. Bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Utasikia tofauti, kwa mfano wa Goma atakuuliza "uko na enda wapi?" pale ambapo wewe ungesema "unakwenda wapi?" Usimsahihishe. Wazee usiwapite bila kuwaamkia. "Shikamoo" si ya kila mtu huku, "muraho, mzee" inatosha na inapendeza.

Naruhusiwa kuuliza kuhusu 1994?

Kwa upole, na si kwa mtu uliyekutana naye leo. Watutsi wengi wa mji huu waliuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka huo. Kuna kumbukumbu iitwayo Commune Rouge, kwenye makaburi, ambako watu walipelekwa kuuawa na kutupwa. Nenda, nyamaza, usipige picha ovyo. Julai mwaka huo serikali ya waliopanga mauaji ilikimbilia hapa kabla mji haujachukuliwa, na kwa siku chache mamia ya maelfu ya watu walivuka kuingia Goma, ambako kipindupindu kiliua makumi ya maelfu kwenye mawe ya lava. Barabara hii ya ufuoni unayopigia picha ndiyo waliyopita baadhi yao. Kuanzia tarehe 7 Aprili ni wiki ya maombolezo: hakuna muziki, hakuna sherehe ufuoni. Ukiwa hapa wakati huo, kaa nasi.

Naweza kuvuka kwenda Goma kwa siku moja?

Kuna vivuko viwili, Grande Barrière karibu na ziwa na Petite Barrière mjini, ambacho hupitisha makumi ya maelfu ya watu kwa miguu siku za kawaida. Lakini Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwezi Januari 2025, na hali ya mpaka hubadilika. Usivuke kwa kujaribu bahati. Uliza uhamiaji asubuhi hiyo hiyo. Kuingia Rwanda kwenyewe, Wakenya na Waganda hutumia hata kitambulisho. Wengine beba pasipoti.

Nivae nini majini?

Nguo za kuogelea za kawaida. Ukitoka kwenye mchanga kuingia mjini, jifunge kanga au vaa fulana.

Na chemchemi za maji moto?

Zinaitwa amashyuza, ziko Nyamyumba, kilomita chache kusini, nyuma ya kiwanda cha bia. Maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto, na watu hukaa humo kutuliza viungo. Jaribu kwa kidole kwanza, kuna mahali panaunguza.

Nile nini?

Sambaza. Kinyarwanda husema isambaza. Ndugu wa Kigoma, mnawajua kwa jina la dagaa. Wameletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa Kivu ilikuwa na samaki wachache, wakaongezeka mpaka wakawa chakula cha mji.

Kaa ufuoni saa kumi na moja jioni utazame wanavyotoka. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja, na nguzo ndefu za mikaratusi zimechomoza mbele na nyuma kama pembe za senene. Wavuvi wanapiga makasia wakiimba, mmoja anatoa, wengine wanaitikia, na sauti inakufikia kabla hujawaona vizuri. Usiku wanawasha taa, sambaza wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Ukitazama kutoka mlimani utadhani ni mji mwingine ulioota ziwani. Alfajiri wanarudi Rubona, wanawake wanasubiri na mabeseni, na bei inapanda na kushuka kulingana na mbalamwezi: mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti samaki.

Agiza wakaangwe mpaka wakauke, limao na pilipili, ndizi za kuchoma pembeni. Wanaliwa wazima, kichwa na mkia. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa miezi 2 hivi, mara nyingi kati ya Agosti na Oktoba, ili samaki wazaliane. Wakati huo ukiuziwa "sambaza wabichi wa leo" kwa kificho, kataa. Ni watoto wa samaki.

Naweza kuondoka nao nyumbani?

Waliokaushwa, ndiyo, na ndiyo zawadi ninayoipendekeza. Nunua asubuhi, bonyeza mmoja kwa vidole: akivunjika ni mkavu, akipinda ataoza kabla hujafika Kigali. Njoo na kikapu au mfuko wa karatasi, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008 na ukiwa nayo mpakani watakunyang'anya. Wafunge kwa gazeti mara mbili, uwaweke mbali na nguo zako, na kwenye basi uwashike mwenyewe mapajani.